Bolti Hukazwa Gari Likiwa Chini

Mjomba alikuwa ameshapatana bei na mnunuzi wa chuma chakavu. Land Rover lake la 109, alilolinunua kabla sijazaliwa, lilikuwa likiyumba mbele. Likishika mwendo, usukani ulicheza mikononi, na siku moja tukitoka Ruangwa na magunia ya ufuta nusura litutumbukize korongoni. Mimi nilikuwa nimerudi Nachingwea kuandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu mradi wa karanga. Nikamwomba Mjomba anipe wiki moja.

Fundi aliinua gari kwa jeki, akaegemeza fremu juu ya magogo, akazitoa springi za mbele. Pleti zilikuwa zimelala na kushikana kwa kutu. Bushi ndizo zilizokwisha kabisa: mpira umelika, chuma kinagonga chuma. Akauchoma mpira kwa moto, akakata ala yake kwa msumeno, akasukuma bushi mpya kwa jiliwa. Tulizisugua pleti moja moja, tukazipaka grisi, tukazirudisha.

Nikachukua spana nikaze bolti.

“Acha kwanza, mwanangu. Gari bado liko hewani.”

Alinieleza kwamba bushi hizi hazizunguki. Mpira wake hujinyonga springi inapocheza. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, gari likishushwa mpira unakuwa umeshajipinda kabla ya safari, na hauchukui muda kuchanika. Shusha gari, libebe uzito wake, ndipo ukaze.

Usiku niliirudia tasnifu. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9 tu, ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe kwa ajili ya karanga. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ikaanza kujengwa Mtwara, huku karanga zenyewe zikikataa. Mwaka 1951 Uingereza iliachana na mradi, ikafuta hasara ya zaidi ya paundi milioni 36. Bandari ilifunguliwa 1954. Reli ikafungwa 1962 kwa kukosa mizigo.

Tumezoea kulaumu udongo, mvua na matrekta mabovu, na lawama hizo ni za kweli. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la mpangilio: kila kitu kilikazwa kabla ya kubeba chochote. Mizigo ilikuja baadaye, kwa mikono ya wakulima wadogo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, nyingi za kusini huku. Reli haikuwepo tena. Zilibebwa na magari.

Asubuhi tulishusha gari, tukalitikisa likae sawa, fundi akaingia uvunguni kukaza.

Mnunuzi alipopiga simu, Mjomba alimjibu kwa upole: “Samahani, ndugu yangu. Gari limeenda Ruangwa.”