Mifarishi ya Gee's Bend

Mifarishi ya Gee's Bend ni mablanketi ya viraka yanayoshonwa kwa mkono na wanawake wa kijiji cha Gee's Bend, kwenye kona ya Mto Alabama, Marekani. Wakazi wengi ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba la Pettway, na wengi bado wana jina hilo.

Mfarishi una tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati na kitambaa chini, zikiunganishwa kwa mishono. Nyumba za mbao zilipitisha baridi na fedha ilikuwa adimu, hivyo nguo kuukuu na magunia vilikatwa na kushonwa upya. Humo, katika nguo za watu wao, ndimo ilimo thamani ya mifarishi kwa familia. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, apate kujifunika nao na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia ndiye aliyesimulia habari hiyo. Ni kazi ya majonzi, na ni sanaa kamili.

Ushirika wa washonaji, Freedom Quilting Bee, ulianzishwa 1966. Maonyesho yaliyofanyika mjini Houston mwaka 2002 yaliipa mifarishi hii umaarufu, na 2006 ilichapishwa kwenye stempu za Marekani. Mabinti bado hujifunza kwa mama na bibi zao.