UZI: Akifika miaka 18, mtoto mwenye ulemavu wa akili aende wapi?

1/ Kampeni zikifika huku Lamu, swali la watu wenye ulemavu hujibiwa kwa viti vya magurudumu. Picha zinapigwa, boti inaondoka. Mimi nna mdogo wangu wa miaka 19. Miguu yake mizima, akili ndiyo imechelewa. Hakuna anayeuliza habari zake. Leo tuangalie tulifikaje hapa, bila kutaja chama wala mtu.

2/ Mwaka 1964, Tume ya Ominde iligusia elimu ya watoto wenye ulemavu. Mwaka 1968 ukaja Waraka wa Serikali Namba 5, ukafungua njia ya vituo vya kufundisha ufundi. Fikra ilikuwa: mtu apewe kazi ya mkono, ajitegemee. Asiyeweza kujitegemea peke yake akabaki kwa mamake.

3/ Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyounda Baraza la Kitaifa. Mdogo wangu amekula matunda yake. Kwenye kitengo maalumu shuleni alijifunza kuvaa mwenyewe, kuhesabu sarafu, kungoja zamu yake.

4/ Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 54. Ile asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ndiyo hutajwa sana kwenye midahalo. Ni haki, sipingi. Lakini kijana asiyejua kusoma haombi kiti cha bodi. Anataka pa kwenda asubuhi.

5/ Mwaka 2011 ikaanza ruzuku ya ulemavu mkubwa, leo iko chini ya Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba. Inamlenga anayehitaji kuangaliwa saa zote. Mdogo wangu anaoga mwenyewe, ila ukimwachia pesa zinaisha kwa yeyote anayemchekea. Kwa ruzuku anaonekana mzima, kwa mwajiri anaonekana mgonjwa.

6/ Alipofika miaka 18 tukaenda ofisi moja kutafuta kitambulisho. Akaulizwa maswali, akanyamaza. Karani akamwambia mama, "Huyu kitambulisho cha nini?" Cha nini! Bila hicho hata laini ya simu hasajiliwi kwa jina lake.

7/ Jambo wazazi wengi hawaambiwi: Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001, inaruhusu kuomba mahakama irefushe wajibu wa mzazi baada ya miaka 18 kwa mtoto mwenye hali maalumu. Ukikaribia umri huo, uliza mapema.

8/ Mtasikia, "Lamu tunaleana, mtaa mzima ni mzazi." Kweli. Mjomba humchukua gatini kushusha mizigo, akirudi kifua mbele. Lakini mjomba ana miaka 70. Usiku mama huuliza swali moja tu: "Nikifa, huyu atakuwa na nani?"

9/ Mwaka 2025 imepita sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Basi mgombea akija na kiti cha magurudumu, mshukuruni, kisha mumuulize:
– Chuo gani cha ufundi Lamu kitampokea kijana kama huyu?
– Wa Faza na Kizingitini nauli ya boti nani atalipa?
– Mzazi akiondoka, nani anashika zamu?

Akijibu "tutaangalia", muulize tena.