Mtoto wa Msitu na Mama Guérin

Wazazi wapenzi, mara nyingi tunasikia maneno haya nyumbani mwetu: «Mtoto huyu hana akili. Kumpeleka masomoni ni kupoteza feza bure.» Pengine maneno hayo yanasemwa mbele ya mtoto mwenyewe, naye anayashika moyoni. Leo tunataka kuwasimulia habari ya mtoto mmoja ambaye wakubwa wa elimu walisema maneno kama hayo juu yake. Ni habari ya zamani, nayo ilitokea Ufaransa. Lakini tukiitazama vizuri, tutaona kwamba ni kama habari ya jirani zetu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1800, wakati wa baridi kali, mtoto mwanaume wa miaka 11 au 12 hivi alitoka msituni karibu na kijiji cha Saint-Sernin, katika jimbo la Aveyron. Hakusema neno lolote, wala hakugeuka alipoitwa. Alichukua viazi motoni kwa mikono yake akavila. Mwili wake ulijaa makovu, na moja kubwa lilikuwa shingoni. Watu walikuwa wamemwona porini tangu miaka kama mitatu. Walimshika, naye akatoroka tena. Nani alimzaa? Nani alimtupa? Mpaka leo hakuna ajuaye.

Padri Bonnaterre wa mji wa Rodez alimtunza miezi michache na kuandika habari zake. Halafu mtoto akapelekwa Paris, katika nyumba kubwa ya mabubu iliyoongozwa na Padri Sicard. Watu wa mji walikuja wengi kumtazama, kama watu waendao kutazama mnyama wa ajabu. Walimwona mtoto mchafu, akijitikisatikisa mbele na nyuma, mwenye kuuma na kukwaruza. Walishangaa, walicheka, wakaenda zao. Pinel, mganga aliyesifiwa kuliko wote kwa kutunza wagonjwa wa akili, alimpima, akasema: mtoto huyu ni mpumbavu tangu kuzaliwa, hana dawa.

Ingekuwa mwisho wa habari. Lakini katika nyumba ile alikuwapo mganga kijana wa miaka 26, jina lake Jean Itard. Yeye alifikiri hivi: pengine mtoto huyu hana akili kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha. Akaomba ruhusa kumfundisha, akampa jina la Victor.

Tazameni kwanza jambo moja. Watu walimfikiri mtoto ni kiziwi, maana hata walipopiga bunduki karibu naye hakushtuka. Lakini mtu alipovunja njugu nyuma yake, Victor aligeuka mara moja! Kumbe masikio yalikuwa mazima. Msituni bunduki haikumpa kitu, bali njugu ilimpa chakula. Itard alijua basi kwamba mtoto husikia kile ambacho moyo wake unakitafuta. Mwenye kutaka kumfundisha lazima aanze na kile anachokipenda.

Miaka mitano Itard alifanya kazi hiyo. Alimfundisha kutofautisha baridi na moto, rangi na rangi, herufi na herufi. Victor alipenda sana maziwa. Basi alijifunza kupanga herufi za neno la maziwa. Siku moja alizificha herufi zile mfukoni, akaenda nyumba ya jirani alikozoea kupewa maziwa, akazipanga juu ya meza. Baadaye alijua kusoma maneno mengi na kuyaandika. Lakini kusema hakuweza kamwe, isipokuwa sauti chache tu.

Itard alikuwa mwenye bidii, lakini pengine uvumilivu ulimtoka. Alijua kwamba Victor anaogopa sana pahali pa juu. Siku moja, kwa hasira, alimshika akamtoa nusu nje ya dirisha la orofa, ili amtishe. Mtoto alitetemeka, akarudi kwenye kazi yake, halafu akajitupa kitandani akalia kwa uchungu. Itard mwenyewe aliandika habari hiyo. Tunamshukuru kwa kutoificha. Maana ni baba wangapi kati yetu wameshika fimbo kwa sababu hesabu haikutoka sawa?

Sasa tufike kwa mtu ambaye vitabu vingi vinamtaja kwa mstari mmoja tu: Mama Guérin. Serikali ilimlipa franka 150 kwa mwaka ili amtunze Victor. Hakuwa mtu wa elimu kubwa. Alimpikia, alimwosha, alitembea naye bustanini. Victor alipotoroka na kushikwa, alipomwona Mama Guérin akija kumchukua, alizimia. Kisha akaamka na kulia kwa furaha. Hata sauti yake moja chache aliyoijua, ile ya kumwita Mungu kwa mshangao, aliipata kwa kumsikia mama huyu.

Kazi ya Victor ilikuwa kutandika meza ya chakula. Siku moja mume wa Mama Guérin alikufa. Jioni Victor alitandika meza kama desturi, akaweka na sahani ya marehemu. Mama alipoiona, alianza kulia. Victor alimtazama, akafahamu kwamba yeye ndiye aliyemletea huzuni hiyo. Aliondoa sahani polepole, akaiweka kabatini, wala hakuiweka tena siku nyingine.

Wazazi wapenzi, huyo ndiye waliyesema hana akili! Je, watu wangapi wenye diploma wangeweza kusoma uso wa mjane namna ile? Hakuna herufi iliyomfundisha Victor jambo hilo. Alilijua kwa sababu alikaa mezani pamoja na watu waliompenda.

Itard alipoona kwamba maneno hayaji, alikata tamaa, akaacha mafundisho. Mama Guérin hakuacha. Aliendelea kukaa na Victor katika nyumba ndogo karibu na pale, mpaka Victor alipokufa mwaka 1828. Wataalamu wa leo hudhani kwamba Victor alikuwa na kilema cha akili tangu utoto, na kwamba pengine ndiyo sababu alitupwa. Ikiwa ni hivyo, mganga Pinel hakukosa kuhusu ugonjwa, lakini alikosa kuhusu mtoto.

Kazi ya Itard haikupotea. Mwanafunzi wake Édouard Séguin, tangu mwaka 1837 hivi, alifundisha watoto wenye akili nzito, na mwaka 1846 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Halafu akaipeleka mpaka Marekani. Miaka mingi baadaye, mganga mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, aliona watoto wa namna hiyo wamefungiwa Roma pamoja na wenda wazimu. Alitafuta vitabu vya Itard na Séguin, akavinakili kwa mkono wake mwenyewe ili apate kuvifikiri neno kwa neno. Alifundisha watoto wale, na wengine wakashinda mtihani pamoja na watoto wazima. Watu walisifu. Yeye akajiuliza: basi, watoto wazima nao wanazuiliwa na nini?

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, huko Roma. Wazazi wao walikuwa watu wa kazi za mikono. Na angalieni sharti lililoandikwa katika nyumba ile: mama alete mtoto safi, na angalau mara moja kwa juma afike kuzungumza na mwalimu juu ya mtoto wake. Hawakuombwa feza. Waliombwa kuja. Hivyo kazi ya Itard na kazi ya Mama Guérin zilikutana tena chini ya dari moja.

Sisi hapa Kongo tunajifunza nini?

Kwanza, tusikimbilie kusema. Mtoto asiyefuata masomo pengine hasikii vizuri, au haoni ubao, au ana njaa, au amebaki na udhaifu baada ya malaria iliyopanda kichwani. Mwenye kifafa ana ugonjwa, naye apelekwe hospitali. Tumpime kwanza, ndipo tuhukumu.

Pili, tujue kwamba moyo wa mtoto nao hupata jeraha. Aliyeona vita, aliyekimbia kijiji chake, aliyezika mama yake, pengine anaacha kucheza, halali, anashtuka, anakojoa kitandani tena, au anakuwa mkali. Hayo si ukaidi, wala si uchawi. Anahitaji mtu mmoja wa kukaa karibu naye, chakula na usingizi kwa saa yake, ruhusa ya kulia na kusimulia. Na ikiwa haponi, apelekwe kwa waganga.

Tatu, neno la uchawi lisitajwe juu ya mtoto. Watoto wengi wa miji yetu wametupwa njiani kwa neno hilo moja. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshtaki uchawi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda vile vile. Anayemshtaki mtoto anavunja sheria ya nchi, tena anavunja ile ya Bwana wetu aliyesema waacheni watoto waje.

Nne, twende kwa mwalimu, si siku ya kulipa tu au siku ya ugomvi. Tumwambie mtoto anapenda nini nyumbani, naye atuambie anashindwa wapi darasani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Labda katika nyumba yako yuko mtoto ambaye hatapata diploma kamwe. Usimhesabu kuwa hasara. Mpe kazi yake mezani, mwite kwa jina lake, mngoje. Victor hakujifunza kusema. Lakini alijifunza kuiondoa sahani ile ili mama asilie. Aliyemfundisha hayo ni mwanamke asiye na cheo, aliyebaki naye wakati wote wengine walipokwenda zao.