Santuri kuukuu: sauti za pwani katika nyumba za Maskati

Nyimbo nyingi za zamani za pwani ya Afrika Mashariki hazikuandikwa popote, wala hazikuhamishiwa kwenye kanda. Zimesalia katika santuri chache zilizotawanyika majumbani, kutoka Mombasa na Zanzibar hadi nchi za Ghuba.

Ndiyo maana kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Oman, furaha ya kupata santuri iliyokwisha kupigwa na wengine na kuiongeza kwenye mkusanyiko wa nyumbani huambatana na dhamana. Makala haya yanaeleza santuri hizo zilitoka wapi, jinsi ya kuzichagua, na namna ya kuzihifadhi katika nyumba ya pwani yenye joto kali, kama zile za Sidab.

Bahari iliyounganisha miji

Sidab ni kijiji cha wavuvi kilicho kusini-mashariki mwa mji wa kale wa Maskati, baina ya majabali makavu na bahari, katika njia iendayo Al Bustan. Bahari inayopiga ufukoni hapo ndiyo iliyobeba majahazi ya msimu kwenda Zanzibar na kurudi kwa karne nyingi.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar, na familia nyingi za Oman zikafanya makazi Unguja, Pemba na bara. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya wengi wao. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 23, 1970, Waomani waliokuwa ughaibuni walihimizwa kurejea. Wengi walitoka Zanzibar, na wengine Kenya, Tanganyika ya zamani, Burundi, Rwanda na Kongo. Walirudi na Kiswahili chao, ambacho hadi leo husikika katika nyumba nyingi za Maskati.

Santuri, hata hivyo, si mzigo wa msafiri mwenye haraka. Ni nzito, na zile za zamani huvunjika kama kigae. Aliyelazimika kuchagua baina ya nguo za watoto na kasha la santuri hakuwa na uchaguzi mkubwa. Kwa hiyo mkusanyiko unaojengwa upya leo, sahani moja baada ya nyingine, mara nyingi hurudisha kilichoachwa nyuma.

Kutoka Fumba hadi Bombay

Jina linalotafutwa kuliko yote ni la Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja. Mnamo 1928 yeye na wanamuziki wenzake walisafiri hadi Bombay, mji unaoitwa Mumbai tangu 1995, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya HMV, ambayo alama yake ni mbwa anayesikiliza mbele ya santuri. Mauzo yalikuwa mazuri, na kampuni nyingine, zikiwemo Columbia na Odeon, nazo ziliingia katika soko la Afrika Mashariki.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, lakini sauti yenyewe haisomeki kitabuni. Inapatikana katika sahani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja huchukua takriban dakika 3 tu. Wimbo mrefu ulibidi ukatwe na kuendelezwa upande wa pili.

Oman nayo ilikuwa na sauti yake katika biashara hiyo. Salim Rashid Suri, mzaliwa wa Sur aliyejulikana kwa lakabu ya mwimbaji baharia, alirekodi nyimbo za mtindo wa sawt akiwa India, na baadaye akaanzisha kampuni yake ya santuri, Salimphone, huko Bahrain. Alirejea nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufariki mwaka 1979. Mkusanyaji anayeziweka santuri zake kando ya zile za Siti huona mara moja kwamba udi ulikuwa ukisafiri katika pande zote za bahari hiyo.

Santuri ndogo za Mombasa na Nairobi

Kuanzia miaka ya 1950 sahani ndogo za mizunguko 45 zilianza kuziondoa zile za mizunguko 78. Huko Mombasa, wafanyabiashara wa Assanand & Sons walitoa santuri za taarab kwa lebo ya Mzuri, wakiwarekodi waimbaji kama Zein l'Abdin, Matano Juma na Zuhura Swaleh. Nairobi ilikuwa kitovu cha uchapaji. Tanzania haikuwa na kiwanda chake, hivyo nyimbo nyingi za bendi za Dar es Salaam zilichapwa Kenya.

Kwa familia zilizopitia Burundi na Kongo, mkusanyiko haukamiliki bila rumba. Lebo ya Ngoma, iliyoanzishwa Léopoldville, sasa Kinshasa, mwaka 1948, ilisambaza santuri zake mbali na mji huo, na nyingine zilifika hadi Afrika Mashariki.

Kisha ikaja kaseti. Ilikuwa rahisi, nyepesi, na kila mtu aliweza kuinakili. Katika miaka ya 1980 santuri zilianza kuwekwa darini.

Kwa nini nakala moja ina uzito

Kampuni ilipofungwa, kalibu za chuma na kanda za awali mara nyingi zilipotea nayo. Hapo nakala iliyo kabatini kwa mtu huweza kuwa ndiyo asili pekee iliyobaki. Mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza kutoa mfululizo wa Zanzibara, na toleo la pili liliwarudishia wasikilizaji taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Kazi za namna hiyo huwezekana kwa sababu kuna aliyetunza.

Kuna na raha nyingine ndogo. Lebo ya santuri humtaja mwimbaji, na wakati mwingine wapigaji na aina ya wimbo. Kwenye jalada huonekana muhuri wa duka, au jina la mwenye mali wa kwanza kwa wino uliofifia. Mikwaruzo nayo ina habari: wimbo uliopigwa sana ndio uliochakaa, na upande wa pili, ambao haukupendwa, hubaki ukimeta.

Namna ya kuchagua

Mnunuzi aishikilie santuri pembezoni na kuiinamisha chini ya taa yenye mwanga mkali. Mikwaruzo myepesi juu ya uso huleta mvumo tu. Mkwaruzo unaohisiwa kwa ukucha huifanya sindano iruke au irudierudie neno moja.

Aitazame pia kwa usawa wa jicho ili kuona kama imepinda, kisha akague tundu la katikati. Alama nyingi kulizunguka ni dalili kwamba imepigwa mara nyingi. Sahani ya mizunguko 78 ikaguliwe ufa kutoka ukingoni, kwani ufa mdogo huendelea kukua.

Namba zilizochongwa karibu na lebo zinafaa kunakiliwa. Hizo hutambulisha rekodi hata pale karatasi ya lebo ilipochanika.

Mashine nayo ina masharti. Nyingi za kisasa zina mwendo wa 33 na 45 peke yake, hivyo hazifai kwa santuri za Siti. Aidha, mifuo ya sahani za mizunguko 78 ni mipana, nayo huhitaji sindano yenye ncha nene zaidi. Sindano nyembamba ya sahani za plastiki hukwaruza chini ya mfuo na kutoa kelele badala ya wimbo. Katika mashine za kuzungushwa kwa mkono, sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Anayeirudia huila santuri yake.

Kuzihifadhi katika joto la Oman

Wakati wa kiangazi joto la Maskati huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi, na majabali yanayozunguka vijiji kama Sidab huendelea kutoa joto hata usiku. Santuri ya plastiki iliyosahauliwa ndani ya gari lililofungwa hupinda kwa muda mfupi.

Sahani zihifadhiwe ndani, mbali na dirisha, zikiwa zimesimama wima bila kubanana. Zikilazwa moja juu ya nyingine, uzito huzipinda zile za plastiki na kuzivunja za kale. Unyevunyevu wa bahari huleta ukungu, hasa kwenye karatasi; jalada lililoota ukungu litengwe na sahani iwekwe katika bahasha mpya.

Katika kusafisha, kosa moja halina marekebisho. Sahani nyingi za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu unaotokana na wadudu wadogo wa Asia, na lakiri huyeyuka katika spiriti. Zifutwe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi yasiyo na chumvi, kufuata mzunguko wa mifuo, bila kulowesha lebo.

Masikio ya wazee

Santuri iliyosafishwa na kunakiliwa kwenye kompyuta haijamaliza kazi. Lebo nyingi hazisemi nani alipiga fidla, ni harusi gani iliyoupa wimbo umaarufu, au fumbo lililomo lilimlenga nani. Mambo hayo wanayajua wazee, na waliokuwa vijana Unguja kabla ya 1964 sasa wamepita miaka 75.

Taasisi zipo. Oman ilianzisha Kituo cha Muziki wa Asili mwaka 1983, na Zanzibar ilipata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mwaka 2002. Lakini hakuna taasisi inayoweza kuingia katika kila sebule.

Mwenye santuri anaweza kuipiga mbele ya bibi au babu, akaandika anayoyasikia, na kuiweka karatasi hiyo ndani ya jalada pamoja na tarehe. Siku sahani hiyo itakapopita tena kwenye mikono mingine, itakwenda na maelezo yake.