SEHEMU YA 4: LIBERIA, JESHI JIPYA NA WODI TUPU

Haya ndugu zangu, tunaendelea. Leo twende Liberia.

Vita vilianza mwisho wa 1989 na kuisha kwa mkataba wa Accra, Agosti 2003, na katikati walipumua kidogo tu. Monrovia haina umeme, hospitali zimeporwa, madaktari na manesi wengi wamekimbia. Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa wakaingia, na wafadhili nyuma yao.

Sasa angalia walianza na nini. Jeshi. Marekani ilibeba kazi ya kuunda jeshi jipya la watu kama 2,000, ikaipa kampuni binafsi, DynCorp. Halafu hesabu. Septemba 2005 serikali ya mpito ilisaini mpango wa GEMAP: wataalamu wa kigeni wakakaa benki kuu, bandarini na uwanja wa ndege, na malipo hayapiti bila saini yao. Tusidanganyane, wizi ulikuwepo kweli, na mapato ya serikali yalipanda. Mwaka 2010 madeni ya zaidi ya dola bilioni 4 yakafutwa. Si jambo dogo hilo.

Lakini mfadhili alianza na kinachomuuma yeye: vita visivuke tena mipaka, pesa yake isiliwe. Nesi wa zahanati kule Lofa hakuwa wa kwanza kwenye orodha. Vituo vingi vya afya vilibaki mikononi mwa mashirika ya kigeni, kwa pesa za miradi. Mwaka 2008 Wizara ya Afya ikafungua mfuko wa pamoja: wekeni pesa hapa, sisi tupange. Baadhi wakaweka, wengine wakabaki na miradi yao.

Machi 2014 Ebola ikavuka kutoka Guinea ikaingia Lofa. Nchi ya watu milioni 4 na zaidi ilikuwa na madaktari kama 50 tu. Manesi walishika wagonjwa bila glavu za kutosha. Wahudumu wa afya zaidi ya 370 waliambukizwa, zaidi ya 190 wakafa. Jamani, hao ni wenzetu, walikufa wakiwa zamu. Kwa jumla Liberia ilipoteza watu zaidi ya 4,800.

Septemba Marekani ikatangaza kutuma wanajeshi, wakajenga vituo 11 vya kutibia Ebola. Unajua vyote 11 vilitibu wagonjwa wangapi wa Ebola? 28. Tisa havikupata hata mmoja. Wakati vinakamilika, ugonjwa ulikuwa umeshashuka. Waliberia wenyewe walishabadili mazishi, ndoo za maji ya klorini zikawa milangoni, na vijana wa mitaa walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa.

Sisemi msaada ni mbaya. Maabara, dawa na watu waliokuja mapema waliokoa maisha. Nasema jengo lina siku ya uzinduzi, utepe na picha. Mshahara wa nesi kila mwisho wa mwezi, kwa miaka 10, hauna picha. Na ndio uliokosekana pale mgonjwa wa kwanza alipofika.

Kwa hiyo mradi ukija kwenu, usiulize tu unaleta nini. Uliza ukiondoka nani atabaki wodini, na atalipwa na nani.

Sehemu ya 5 tunaenda Msumbiji baada ya 1992. Usiku mwema, mimi naingia zamu.