Mafuta ya Texas na Fomu za Uongo

Oktoba 1930 mafuta yalifoka kwenye kisima mashariki mwa Texas. Mwaka uliofuata pipa liliuzwa kwa senti chache tu. Ili bei isizidi kuporomoka, kila kisima kilipangiwa kiwango, lakini wazalishaji wengi walikipita, wakatorosha ziada hadi nje ya jimbo. Watu waliyaita "mafuta ya moto". Serikali ya Marekani ikadai taarifa za maandishi: mapipa mangapi, yametoka wapi, yameuzwa kwa nani. Wahusika wakajaza fomu, wengi wao kwa uongo.

Harold Ickes, waziri aliyesimamia mafuta hayo, alikuta sheria dhidi ya kuidanganya serikali haina meno. Ilitungwa 2 Machi 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, baada ya wazabuni kuliuzia jeshi sare mbovu na kudai malipo kamili. Shabaha yake ilikuwa kulinda hazina. Ilipanuliwa mwaka 1918, lakini mwaka 1926 Mahakama ya Juu ikaibana. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amechukua shehena ya biri kutoka Ufilipino kwa kuidanganya forodha ya Chicago. Biri hizo hazikudaiwa ushuru, kwa hiyo, ilisema mahakama, serikali haikupunjwa kitu.

Kwa hoja hiyo, fomu ya uongo ya mafuta nayo haikuwa kosa, maana haikuchota hata senti ya serikali. Lakini ofisa anayepanga viwango kwa takwimu za kubuni hapangi chochote, na aliyetii kiwango ndiye anayeumia. Nadhani Ickes alikuwa na haki ya kulalamika. Tarehe 18 Juni 1934 Kongresi iliondoa sharti la hasara: uongo wa makusudi katika jambo lililo chini ya idara ya serikali ukawa jinai, kifungo hadi miaka 10. Mwaka 1941, katika kesi ya Gilliland iliyohusu mafuta yaleyale, Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo.

Mwaka 1948 kosa hilo likawekwa katika kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya Marekani, na adhabu ikashuka hadi miaka 5. Kifungu hakibagui maandishi na mdomo, na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Anayejaza fomu ana muda wa kufikiri. James Brogan, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alifuatwa nyumbani na wapelelezi wakamuuliza kama alipokea fedha za mwajiri wa wanachama wake. Akajibu kwa uongo: hapana. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilisema neno hilo moja latosha kumtia hatiani. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliikubali hukumu, lakini aliandika maoni yake kando, akiionya Kongresi kuwa kifungu hicho kinawapa waendesha mashtaka nguvu kubwa mno.