Sauti Iliyopigwa Picha

Ukitoka Karatu kwenda Serengeti, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kuna mnara wa mawe. Hapo amelala Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, rika letu kabisa, aliyekufa Januari 10, 1959 ndege ilipoanguka akiwa katika kazi ya filamu na baba yake, Bernhard. Filamu ile, "Serengeti darf nicht sterben", ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Watu husifia picha zake. Mimi nahangaika na sauti.

Enzi zile sauti ya sinema ilifika ukumbini ikiwa picha, ndugu msomaji. Si utani. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme, umeme hutikisa mwanga, na mwanga huchora mstari pembeni mwa filamu, upana kama milimita 2.5 tu. Filamu ikishasafishwa unaiona sauti kwa macho: vilima na mabonde, au vimistari vyeusi na vyeupe. Kwenye projekta, taa hupenya mstari ule, kifaa kinachohisi mwanga kinaurudisha kuwa umeme, spika inaongea. Lee de Forest alionyesha filamu za namna hiyo New York mwaka 1923. "The Jazz Singer" ya 1927, inayosifiwa mno, ilitumia santuri, na santuri hazikudumu. Zikiruka kidogo tu, mdomo unasema lake na sauti lake.

Sasa basi, santuri zimeshatupwa huko Marekani, kumbe Tanganyika ndiyo kwanza zinaanza! Kuanzia 1935 hadi 1937, huko Vugiri, milima ya Usambara, Mwingereza L. A. Notcutt na wenzake waliendesha mpango wa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu za milimita 16 kuhusu kilimo, afya, hata kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa lori, santuri pembeni. Ubahili ulikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwa na akili pia. Sauti iliyopigwa picha imeganda. Ukitaka lugha nyingine, lazima uchapishe kopi nyingine. Santuri unabadili tu: hapa Kiswahili, kule Kinyanja.

Hebu fikiria lori lile lingesimama Karatu siku ya mnada. Kiiraqw, Kimaasai, Kibarbaig, Kiswahili, vyote uwanja mmoja. Wangeweka santuri ipi? Na hata wangepatia lugha, maneno yenyewe yalipangwa na wakubwa wa mpango.

Kwa jamaa wa Hollywood hilo halikuwa swali. "Hatari!" ya John Wayne, iliyopigwa huku kwetu, Ngorongoro ikiwemo, ikatoka 1962, ilichukua neno letu ikaliweka kwenye jina. Maongezi yakabaki ya Kiingereza.

Narudi kwa akina Grzimek. Mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na hifadhi ya Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa. Filamu inasimuliwa kwa Kijerumani. Mimi naandika riwaya ya mzee mmoja wa kubuni aliyehama mwaka ule na ng'ombe wake. Nimekwama sura ya pili, pale anapotakiwa kufungua mdomo. Moyoni anaongea Kimaa, mimi nina Kiswahili cha shule ya sekondari, na kila sentensi ninayompa inatoka kama ya msimulizi wa sinema.